Njia ya Mlango wa Popo

Kilwa Kivinje,
5 Mfungo Tano 1323 (kwa hesabu ya Wadachi, Aprili 1905)

Kwa dada yangu Kazija binti Mwalimu Kibwana, Mitonga, milima ya Matumbi.

Shikamoo dada. Salamu hizi zikukute mzima, wewe na shemeji Dadi, na mtoto Ziada, na mama mkwe wako. Macho yake yanaona hata kivuli, au ndiyo yamefunga kabisa? Mimi ni mzima, namshukuru Mola, ila kikohozi cha mvua kimenipitia na hicho si cha kukutia wasiwasi. Ule mguu wako uliovimba mwaka jana umepona?

Dada, nimepata kazi kwa Mzungu, wala si wa kodi, wala si wa pamba. Huyu anatafuta maua. Usicheke, maana hata mimi nilicheka mpaka nikaulizwa kama naitaka kazi au siitaki. Anayang'oa na mizizi yake, anayalaza katikati ya karatasi, anayabana kwa mbao na kamba, kisha anayakausha juu ya moto kama sisi tunavyokausha samaki. Watu wa mjini wamekwisha mpa jina, Bwana Maua. Kiswahili anakijua, lakini cha kuomba maji na kuuliza njia. Mimi ndiye mkalimani wake na mwandishi wa majina. Zile bakora za marehemu baba pale chuoni leo zimenifaa, nazo zilikuangukia wewe pia, kwa hiyo sijivuni peke yangu.

Tutakuwa watu ishirini na mmoja, wengi wapagazi. Mnyapara wao ni Pazi, yule mwenye mdomo. Tutapanda huko mvua ikipungua, maua yakiwa yamefunguka. Shida ni njia. Bonde limejaa maji, na Bwana Maua hataki kungoja. Mwulize shemeji milima inapitika wapi siku hizi. Tukifika Mitonga nitamwambia Bwana Maua, hapa ni kwa dada yangu, tutue mizigo tule. Nimekununulia kaniki mbili na sukari guru.

Mdogo wako,
Abdulrahmani

*

Mitonga,
19 Mfungo Tano 1323

Mdogo wangu Abdu,

Marahaba. Barua yako ameileta Sada muuza chumvi, imelowa pembe moja lakini wino haukukimbia. Nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, ili mama mkwe asikie. Macho yamefunga kabisa, ila masikio yake sasa yanasikia ya watu wawili. Amecheka maua yakaushwayo mpaka akapaliwa. Mguu umepona. Ziada ana jambo moja tu mdomoni, mjomba anakuja lini.

Sisi tuko katika pamba. Tunaitwa shamba la akida, wanaume kwa wanawake, na mashamba yetu wenyewe yanaliwa na nguruwe kwa kukosa mtu wa kuyalinda. Dadi anasema Mzungu atafutaye maua ni afadhali, maana hajamlazimisha mtu kupanda ua. Kikohozi chako tafuna tangawizi, usinywe maji baridi.

Kuhusu njia. Dadi atawangoja mtoni, chini ya mlima, awapitishe Mlango wa Popo. Ni upenyo kati ya majabali mawili. Mtu mwenye mzigo hupita kwa ubavu. Ukitokeza upande wa pili unakuta uwanda wa majani, na mwezi huu uwanda wote ni maua, Bwana wako atalia machozi. Lakini nyuma ya uwanda ule kuna pango, nawe unalijua kwa kusimuliwa. Mama alifichwa humo akiwa mgongoni kwa bibi, Wangoni walipokuja kuteka watu.

Kwa hiyo nisikilize, Abdu. Wapite, wachume, macho yao yashibe. Mahali pale pasiandikwe. Dadi amewaomba wazee, nao wamekubali kwa ajili yako wewe, kwa kuwa mama yako alikuwa mtoto wao. Hawakukubali kwa ajili ya Mzungu.

Nitachinja kuku wawili. Usiniletee habari kwamba umekula njiani.

Dada yako,
Kazija

*

Kilwa Kivinje,
3 Mfungo Saba 1323 (Juni 1905)

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai huko nyote hamjambo, mama mkwe anaendelea, na mvua za mwisho hazikuleta homa. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha. Tumerudi salama, watu ishirini na mmoja tulioondoka na ishirini na mmoja tuliorudi.

Sijui nikusimulieje safari ile. Siku mbili za kwanza ilikuwa tope na matusi. Wapagazi walikuwa wakisema, "Wenzetu walibeba pembe za ndovu, sisi tunabeba majani makavu!" Pazi akawatungia wimbo wa kuwacheka, nao wakamtungia yeye wa kumjibu. Siku ya tatu tukaingia mlango wa kwanza wa milima, ule wenye mianzi, na pale juu ukungu ukafunguka ghafla. Mteremko mzima ulikuwa mwekundu. Lile ua linalopanda miti, lenye ndimi kama za moto na ncha za njano, lilikuwa limefunika hata vichuguu. Watu wakatua mizigo. Tangu hapo safari ikageuka. Kila mpagazi akawa anatoka njiani mbio kwenda kuchuma, wanashindana nani ataleta ambalo Bwana Maua hajaliona. Kulikuwa na mmoja, Bakary, uso umekunjamana siku zote. Huyo akaparamia jabali akashuka na kiua cheupe kidogo kama ukucha, kinanukia karafuu. Bwana Maua akanyoosha mkono. Bakary akamwambia, "Ngoja, wenzangu wanuse kwanza." Na kweli tukanusa, mmoja mmoja, watu ishirini, Mzungu akingoja zamu yake.

Shemeji tulimkuta mtoni kama ulivyosema, na kibuyu cha togwa. Alituvusha, akatupitisha Mlango wa Popo, akatutembeza katika uwanda. Bwana Maua alivua kofia. Alikaa chini katikati ya maua kama mtoto na hakuweza kusema Kiswahili wala Kidachi. Shemeji akatangulia nyumbani kutungojea.

Nasikitika tu kwamba hatukuonana. Tulipofika Mitonga tuliambiwa umekwenda kuuguza wagonjwa kijiji cha pili, na Bwana Maua alikuwa na haraka ya kuwahi meli. Kaniki na sukari nimemwachia jumbe akupe. Nisalimie sana Ziada.

Mdogo wako,
Abdulrahmani

*

Mitonga,
20 Mfungo Saba 1323

Abdulrahmani,

Sisi ni wazima. Kaniki zimefika, sukari haikufika.

Sikwenda kuuguza wagonjwa. Nilikuwa mstari wa tatu wa pamba, upande wa njia. Asubuhi ile nilimwomba msimamizi wa akida aniache nitoke mapema, nina mgeni, ndugu yangu anakuja na Mzungu. Akasema, "Wewe? Ndugu yako na Mzungu?" Akanipiga viboko vitano kwa uongo, nikarudi kuinama. Kisha nikasikia wimbo wenu. Nikaona mizigo inateremka, nawe mbele kwa kanzu nyeupe na daftari kwapani, umenenepa kidogo, na moyo wangu ukaruka. Nikasahau msimamizi. Nikaita, "Abdu! Abdu mdogo wangu!"

Uligeuka. Usiniambie hukugeuka.

Mzungu wako akauliza, "Mwanamke yule anakuita wewe?"

Nawe ukamjibu kwa Kiswahili safi, shamba zima likasikia, "Simjui, bwana. Washenzi wa huku kila mtu humwita ndugu."

Pazi akacheka. Msimamizi akacheka zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na ushahidi wa mkalimani kwamba mimi mwongo. Mlipopinda kona aliniongezea vitano vingine. Ziada alikuwa pembeni na wenzake, wanaokota pamba iliyodondoka. Akanijia akauliza, "Mama, yule si mjomba?" Nikamwambia si yeye, nimemfananisha. Mtoto sikuwahi kumdanganya kabla ya siku ile.

Kuku tuliwala wenyewe. Mama mkwe aliuliza mbona wageni hawasemi, na Dadi akamwambia wamechoka. Wageni hawakuwapo, tulikuwa sisi wanne.

Sikuandikii ili uniombe radhi. Ninalo swali moja. Dadi anasema pale Mlango wa Popo ulikaa juu ya jiwe na karatasi, na alidhani unaandika maua. Uliandika nini?

Kazija

*

Kilwa Kivinje,
2 Mfungo Nane 1323 (Julai 1905)

Dada,

Shikamoo, ingawa najua marahaba yako siistahili. Sitauliza hali, naogopa jibu.

Niliandika njia.

Bwana Maua aliniambia hakuna ramani ya Wadachi yenye upenyo ule, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuutia katika karatasi. Alisema hivyo mbele ya wapagazi. Dada, nilijiona mrefu. Neno lako nilikuwa nalo kichwani, sikulisahau, siwezi hata kusema nililisahau. Nikaliweka kando kama mtu anavyoweka kando kikombe. Nikaandika jina, nikaandika hatua kutoka mtoni, na aliponiuliza pale nyuma kuna nini nikamnong'oneza kwamba kuna pango, nikachora na pango. Dadi alikuwa amesimama karibu, ananishikia wino, naye kusoma hajui.

Na shambani nilikuona. Nilikujua hata kabla hujaita, kwa jinsi unavyoinama ukiegemea mguu mmoja. Nilikuwa nimewaambia wapagazi wote kwamba mimi ni mtu wa Kivinje asilia, baba na mama. Hapa mjini kila mtu huniita mtoto wa Mwalimu Kibwana, na wa upande wa mama hakuna aulizaye, nami nashukuru. Pazi kutwa alikuwa anawacheka Wamatumbi, nami nacheka naye, nacheka kwa sauti kumshinda, asije akanitazama usoni akaona. Uliponiita umevaa kaniki iliyochanika, na tope mpaka magotini, niliona kila kitu changu kinavuliwa mbele za watu. Mdomo ukasema wenyewe. Viboko sikuviona. Nimevisikia kwako, na tangu juzi nimeshindwa kula mezani na watu.

Jana nilikwenda kwa Bwana Maua kuiomba ile karatasi. Alishangaa. Yeye si mtu mbaya, dada, anapenda maua tu. Akasema ramani waliiona watu wa boma wakaipenda, wameichukua. Nikaenda bomani. Karani akaniambia imekwisha nakiliwa mara mbili.

Waambie wazee. Au usiwaambie. Sijui lililo jema.

Abdulrahmani

*

Kilwa Kivinje,
9 Shaaban 1323 (Oktoba 1905)

Dada Kazija,

Barua zangu mbili hazikujibiwa. Tangu pamba ing'olewe huko kwenu na vita kuanza, hakuna apandaye wala ashukaye, ila Sada amesema atajaribu, karatasi hii ameizika ndani ya chumvi. Akikamatwa nayo tutanyongwa sote wawili. Isomeni, ichomeni.

Askari wanaondoka Jumatano. Wana ramani yangu. Boma limejua kwamba watu wa milimani wanaficha watoto na vyakula, na afisa ameweka kidole pale pale, Mlango wa Popo. Mimi nimeitwa nitangulie mbele kuonyesha njia. Nilisema naumwa, wakaniambia nitaumwa nikitembea.

Ifikapo Jumapili asiwepo mtu pangoni. Asiwepo hata mmoja. Nendeni kusini, nendeni popote. Niamini kwa hili moja.

Abdu

*

Kilwa Kivinje,
11 Mfungo Mosi 1323 (Desemba 1905)

Kwa dada yangu Kazija, kama yupo wa kuisoma.

Shikamoo. Idi imepita, sikuisali na watu. Wanaotoka huko wanasema Mitonga haipo, imechomwa pamoja na maghala. Hakuna aliyekuona ukiwa hai, na hakuna aliyekuona umekufa. Sada naye hajarudi. Naandika kwa kuwa nisipoandika nitaisimulia nafsi yangu mpaka nibadilishe yaliyotokea.

Nilikwenda nao. Sikukimbia. Siku ya pili nilijaribu kuwazungusha kwa njia ya mianzi, nikasema ndiyo fupi. Afisa akakunjua karatasi, akaniwekea mbele ya macho. Ulikuwa mwandiko wangu, wamenakili hata ile herufi yangu ya ha yenye mkia mrefu ambayo baba aliichapia fimbo. Akasema, "Hii kazi yako ni nzuri. Mbona leo umesahau?" Wakanifunga kamba kiunoni, askari akashika ncha.

Tulifika Jumapili asubuhi. Nilikuwa naomba dua tukute patupu. Dadi alikuwa amesimama katikati ya upenyo, peke yake, na mkuki. Nyuma yake nikasikia mtoto anakohoa.

Aliniona. Alinitazama kidogo sana, kama mtu anayehakikisha. Kisha akapaza sauti kwa Kimatumbi, hakutaja jina langu. Alisema, "Tundu la juu! Wapandisheni watoto tundu la juu, mimi nitawakawiza!"

Afisa akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikasema, "Anakutukana, bwana. Anamtukana mama yako."

Akauliza tena, "Ni hayo tu?"

Nikasema, "Anarudia hayo hayo. Anataka mshauriane, anataka vyakula vyake visichukuliwe." Nikaendelea kutunga, maneno marefu, na Dadi naye akiendelea kupiga kelele, mpaka afisa akachoka. Ulipita muda gani sijui. Labda wa kuhesabu mia mbili. Kisha wakapiga bunduki.

Dadi alikufa pale pale mlangoni. Ilibidi tumruke ili tupite. Mimi nilimruka, dada. Nilikuwa nimefungwa kamba, lakini miguu ilikuwa yangu.

Ndani ya pango sikuingia. Nilisikia. Hayo siyaandiki.

Kama tundu la juu lilifaa kitu sijui. Silitaji ili unihesabie. Nalitaja kwa kuwa ndilo neno la mwisho la mumeo, na mimi ndiye niliyelisikia.

Abdulrahmani

*

Makangaga,
8 Mfungo Tano 1324 (Aprili 1906)

Abdulrahmani,

Niko hai. Barua yako ya Mfungo Mosi imenifikia juzi tu, imepita mikono mingi. Sada alikuwa amelala homa kwa watu wa huku miezi mitatu. Ndiye atakayekuletea hii.

Ile ya kwenye chumvi ilifika Ijumaa. Niliwasomea wazee. Mmoja akauliza, "Ameandika nani?" Nikasema ndugu yangu. Wakatazamana. Shamba zima lilikuwepo siku ile, Abdu, walisikia ulivyosema. Yule mzee akasema, "Mtu aliyemkana dada yake kwa mdomo, leo anamwokoa kwa karatasi? Huu ni mtego. Wanataka tutoke pangoni watukute njiani." Wengi wakakubaliana naye. Familia tatu tu ndizo zilizoondoka.

Dadi aliiamini. Aliniambia, "Huyu ana haya. Mwongo haoni haya namna hii." Lakini mama yake hakuweza kutembea, naye hakutaka kumwacha, basi akasema atalinda mlango mpaka wengine wabadili mawazo. Jumapili ile alfajiri mimi nilikuwa ng'ambo ya bonde nachimba ming'oko, vile viazi vya porini, maana vyakula vya pangoni vilikuwa vinakwisha. Nilisikia bunduki. Niliporudi nilimzika mume wangu na mama yake kaburi moja, nikiwa na wanawake wawili. Wengine tuliwazika siku zilizofuata. Ile dawa ya maji haikugeuza risasi, hilo umekwisha lisikia.

Tundu la juu walipita watoto saba. Ziada alikuwa wa tano. Anasema baba alikuwa anapiga kelele na mtu mwingine anajibu, wakawa wanajibizana muda mrefu, na wakati huo bibi yake alimsukuma kwa mgongo mpaka akatoka. Kwa hiyo lilifaa. Nakuambia kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha. Lakini halifuti kitu. Usilitumie usiku kujibembeleza ulale.

Sasa njaa. Mashamba yamechomwa, mbegu zimechomwa, nguruwe wamemaliza kilichobaki. Wiki iliyopita watu waliona lile ua jekundu limechipua, wakachimba mizizi yake wakidhani itapikika kama viazi vikuu. Wawili wamekufa, mmoja mama wa watoto wanne. Ziada amekuwa mwepesi, nikimbeba nasikia mifupa yake inanigusa.

Nakuletea Ziada. Sina mwingine aliye na chakula. Nilikaa siku kumi nikitafuta mwingine, ujue hivyo. Mimi nabaki huku, kuna wajane na wazee tunaotafuta mbegu pamoja, na sijaweza kufikiri kukaa nyumba moja na wewe.

Mlishe. Uanze na uji mwepesi, si wali, tumbo lake limesinyaa. Na siku atakapokuuliza, maana atauliza, umwambie wewe mwenyewe. Usimwambie amefananisha. Hilo nilimwambia mimi kwa ajili yako, na sitalisema tena.

Dada yako, kwa kuwa sina la kufanya juu ya hilo,
Kazija

*

Kilwa Kivinje,
2 Mfungo Sita 1324

Dada,

Shikamoo. Ziada alifika Alhamisi ya wiki juzi, mgongoni kwa Sada. Nimempa uji mwepesi siku nne kama ulivyoagiza, siku ya tano nikatia samaki kidogo, akalala mpaka adhuhuri. Sasa anashika mwenyewe kata ya maji. Vidonda vya miguu vinakauka.

Kazi ya ukalimani nimeiacha. Nafundisha watoto chuoni, katika kile kibaraza cha baba, na alasiri natwanga chumvi na watu wa Sada. Pazi alipita akanicheka, mtoto wa Mwalimu anatwanga. Nikamwambia, "Mama yangu alikuwa Mmatumbi wa Mitonga. Yule mwanamke wa shambani ni dada yangu, tumbo moja." Akaaga akaenda zake. Nimelisema kwa kuchelewa mwaka mzima, na kwa mtu asiyehusika.

Ziada ameuliza. Nilidhani atangoja apate nguvu. Ilikuwa siku ya sita, nami naosha sahani uani, akaja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuja na watu wa maua."

Nikasema, "Ndiye mimi."

"Mama alikuita."

"Aliniita. Nilimsikia. Nikasema simjui."

Akauliza, "Na pangoni, aliyewaleta askari ni nani?"

Dada, sahani ilikuwa bado mkononi. Nikamwambia. Nilimwambia karatasi, na jina, na hatua kutoka mtoni, na kamba, na baba yake alivyosimama, na kwamba nilimruka. Sikumwambia habari ya tundu la juu. Nilitaka kumwambia, ulimi ulikuwa unawasha, lakini niliona nikisema hilo nitakuwa naomba kitu kwa mtoto. Siku moja utamwambia wewe ukipenda.

Hakulia. Aliingia ndani akachukua kanga yake, akatoka akaenda kwa Sada. Nikamfuata mpaka mlangoni nikarudi. Alikaa huko siku mbili. Chakula nilikuwa nakipeleka nakiweka kizingitini. Siku ya tatu alirudi, nadhani kwa sababu kwa Sada hawana samaki. Anakula amenipa mgongo. Haniiti mjomba, haniiti kitu. Akitaka maji anasema "maji" na kuyatazama. Simlazimishi.

Sikuombi uje. Nimempa Sada mbegu za mtama na za kunde, vifuko viwili, ni za kupanda, msizile. Chuoni nimemtafutia Ziada kibao, anaandika alifu yake imepinda upande wa kushoto.

Jana jino lake la mbele liling'oka. Nilikuwa nimekaa barazani na watoto wa chuo. Akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea jino mkononi, akanyoosha kidole juu ya paa, jino linakotupwa, maana yeye hafiki. Nikasimama nikalirusha. Akangoja asikie lilipoangukia, kisha akaingia ndani.

Mdogo wako,
Abdulrahmani